Mtoto wa Bob

Upande A ulikuwa wa Bob. Upande B ulikuwa wa Ziggy, na sikumbuki mteja hata mmoja aliyewahi kuuomba.

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Ziggy Marley, miaka ya tisini, kwenye kibanda cha baba yangu pale Makambako, hatua chache kutoka stendi. Mzee alikuwa fundi redio, lakini ufundi redio haukuwa unalisha watu saba, kwa hiyo alikuwa anarekodi kanda. Unaleta kanda yako tupu ya dakika tisini, unachagua muziki, unaacha hela, jioni unapitia mzigo wako. Madereva wa maroli ya Zambia na Malawi ndio waliokuwa wateja wazuri. Wengi walitaka Bob Marley. Albamu moja ya Bob ina dakika arobaini hivi, inakaa vizuri upande mmoja. Sasa upande wa pili uwe na nini? Mzee alikuwa na kanda ya Ziggy aliyoipata kwa dereva mmoja, basi anamwekea mtu hiyo. Akiulizwa anajibu, "Huyo ni mtoto wake. Ni mlemle."

Ni mlemle. Maneno hayo nimeyabeba miaka mingi, na kwenye makala haya nataka kuyachunguza. Je, ni kweli ni mlemle? Mtu anayezaliwa kwenye nyumba ambayo jina lake linajulikana kuanzia Kingston hadi stendi ya Makambako anaishi maisha ya nani: yake au ya baba yake?

Kabla ya kumfikia mtoto, hebu tuanze na sababu ya baba kupendwa huku kwetu. Wengi hudhani ni bangi na nywele tu. Si hivyo. Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inapita hapo, na hapohapo ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Njombe, kama kilomita 60, na kuendelea hadi Songea. Halafu kuna reli. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao wenyewe, uhuru wa wachache, na Zambia ikajikuta shaba yake inategemea njia zinazopita kwa watu haohao. Ndiyo maana Nyerere na Kaunda wakaenda kwa Wachina. Reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia 1970, ikakabidhiwa 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kipande kilichowatesa wajenzi kuliko vyote ni kile cha kutoka Mlimba kupanda milima hadi Makambako: mahandaki, madaraja, mabonde ya matope. Waliokiona kikijengwa bado wapo, na ukiwasalimia "kamwene" wakakaa vizuri, watakusimulia hadi ulanzi uishe.

Kwa hiyo Bob Marley alipotoa albamu ya *Survival* mwaka 1979, yenye bendera za nchi za Afrika kwenye jalada, ya Tanzania ikiwamo, na ndani yake wimbo uitwao "Zimbabwe", watu wa huku hawakuhitaji kuelezwa anaimba nini. Reli ya kukwepa njia za Rhodesia ilikuwa inapita mlangoni kwao. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980, bendera mpya ilipopandishwa uwanja wa Rufaro, Bob alikuwa jukwaani, na vyombo vyake alivisafirisha kwa gharama zake mwenyewe. Watu waliokuwa nje walilazimisha kuingia, polisi wakapiga mabomu ya machozi, onyesho likasimama kwa muda, kisha likaendelea. Mwaka mmoja na siku chache baadaye mwimbaji huyo alikuwa amefariki. Huyo ndiye baba. Sasa jaribu kuwa mtoto wake.

David Nesta Marley alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1968, Jamaica, mtoto wa kiume wa kwanza wa Bob na mkewe Rita. Dunia inamwita Ziggy. Wakati anazaliwa, baba yake hakuwa mtu maarufu wa dunia. Alikuwa kijana wa miaka 23 wa Trenchtown, mtaa wa mabati na shida wa Kingston, ana kundi la Wailers na nyimbo zinazopigwa redioni bila yeye kuona hela ya maana. Umaarufu ulikuja mtoto akiwa tayari ana akili ya kuuona unavyoingia. Aliiona familia ikipata nafasi, aliiona nyumba ya barabara ya Hope namba 56 ikijaa watu asubuhi hadi usiku. Aliona na upande wa pili pia. Tarehe 3 Desemba 1976 watu wenye bunduki waliingia nyumba hiyo na kumpiga risasi Bob, Rita na meneja wao Don Taylor. Ilikuwa siku mbili kabla ya tamasha la bure lililohusishwa na serikali ya Michael Manley, rafiki wa Mwalimu Nyerere, wakati Jamaica inaelekea kwenye uchaguzi wenye damu. Wote walipona. Bob akapanda jukwaani siku ya pili baadaye akiwa na jeraha. Ziggy alikuwa na miaka minane.

Mtoto wa miaka minane anajifunza nini kwenye tukio kama hilo? Sijui wa Jamaica. Ninachojua ni kwamba watoto wa Makambako waliokulia kwenye vibanda vya baba zao walijifunza mapema kwamba kazi ya mzee ina hatari zake na wao wamo ndani, wapende wasipende. Waswahili wana methali: mwana wa mhunzi asiposana, huvukuta. Hata kama hufui chuma, utashika mivukuto.

Ziggy alishika mivukuto akiwa na miaka kumi. Mwaka 1979, mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, Bob aliwaingiza studio watoto wanne: Sharon, Cedella, Ziggy na Stephen. Wimbo ulikuwa wa kwake yeye baba, "Children Playing in the Streets", kuhusu watoto wanaocheza mitaani kwa kuwa hawana pengine pa kuchezea. Kundi wakaliita Melody Makers. Sharon, binti wa Rita aliyelelewa na Bob, alikuwa na miaka kama kumi na mitano. Stephen alikuwa na saba.

Haikuchukua muda. Bob alikutwa na kansa ya ngozi iliyoanzia kwenye kidole cha mguu mwaka 1977, ikamtafuna kimyakimya huku akiendelea na ziara. Onyesho lake la mwisho lilikuwa Pittsburgh, Marekani, Septemba 1980. Tarehe 11 Mei 1981 alifariki Miami akiwa na miaka 36. Inasimuliwa kwamba kati ya maneno yake ya mwisho yapo aliyomwambia Ziggy, kwamba pesa hainunui uhai. Siku kumi baadaye, kwenye mazishi ya kitaifa Kingston, mbele ya viongozi wa nchi na umati mkubwa, Melody Makers walipanda kutumbuiza. Ziggy alikuwa na miaka 12. Wengine tukiwa na miaka hiyo kwenye msiba tunapewa kazi ya kuchota maji na kupanga viti. Yeye alipewa maikrofoni.

Nafikiri hapo ndipo maisha yake yalipoamuliwa, zaidi ya studio na zaidi ya tuzo. Watu hawakumtazama mtoto aliyefiwa. Walimtazama wakitafuta kama baba yumo ndani yake.

Halafu kuna jambo la wosia. Bob hakuacha wosia. Wengi wamelieleza hilo kwa imani yake ya Rasta, ambayo haipendi kukipa kifo heshima ya kukiandalia. Lakini hata sisi tusio Rasta tunajua ugonjwa huo. Nenda Njombe mjini, kaa nje ya mahakama siku ya kazi, uulize watu wamefuata nini. Shamba la miti, kiwanja, nyumba ya mzee, mama mdogo na watoto wa mama mkubwa. Mzee mwenye akili timamu, mwenye miti na mifugo, ukimtajia wosia anakuuliza kama unamwombea afe.

Bob aliacha mjane, watoto kumi na mmoja wanaotambulika kutoka kwa akina mama tofauti, na nyimbo ambazo zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kuuza. Albamu ya mkusanyiko wa nyimbo zake, *Legend*, ilitoka 1984, miaka mitatu baada ya kifo, na imeshauza zaidi ya nakala milioni 25 duniani. Pesa hiyo yote ilikuja mwenye nyimbo akiwa kaburini Nine Mile. Rita akawa msimamizi wa mirathi, kisha akaondolewa baada ya kubainika kuwapo kwa hati zenye sahihi ya Bob zilizotengenezwa akiwa ameshafariki. Mawakili wakala. Kesi zikavuka bahari. Mpaka 1991, miaka kumi kamili, ndipo mahakama ilipoiachia familia mali hiyo, ikishirikiana na Chris Blackwell, mwanzilishi wa lebo ya Island aliyemtambulisha Bob kwa dunia.

Ukilijua hilo, utaisikiliza kazi ya Ziggy ya miaka ya themanini kwa masikio mengine. Albamu ya kwanza ya Melody Makers, *Play the Game Right*, ilitoka 1985. Ya pili, *Hey World!*, 1986. Hazikutikisa sana. Kumbuka hali ya Jamaica yenyewe wakati huo: mwaka 1985 Wayne Smith alitoa "Under Mi Sleng Teng", mdundo uliotengenezwa kwa kinanda kidogo cha umeme, na reggae ya Kingston ikageuka usiku mmoja. Ngoma na besi za watu zikapisha mashine, akina Rasta wenye ujumbe wakapisha madijei wa dansihoo. Yaani mtoto wa mfalme alirithi ufalme siku ambayo wananchi wamehama.

Alichofanya ni kwenda mbele kwa kupitia kwingine. Mwaka 1988 wakatoa *Conscious Party*, watayarishaji wakiwa Tina Weymouth na Chris Frantz wa bendi ya Talking Heads ya Marekani. Na wapigaji? Hapa ndipo Afrika inapoingia, na watu wengi hawalijui. Bendi iliyowapigia ilikuwa Dallol, vijana wa Ethiopia waliokuwa wakiishi Chicago. Fikiria: Marasta wa Jamaica walikuwa wameitazama Ethiopia kama nchi takatifu tangu miaka ya thelathini, na huyu mtoto wa Rasta maarufu kuliko wote anafanikiwa siku alipopigiwa gitaa na besi na Wahabeshi wenyewe, watu wanaoijua Addis Ababa kwa mitaa yake, si kwa unabii. Wimbo "Tomorrow People" uliingia kwenye arobaini bora za Marekani, jambo ambalo baba yake hakulifanya na wimbo wowote alioutoa mwenyewe. Albamu ikachukua tuzo ya Grammy ya reggae mwaka 1989. *One Bright Day* ikachukua tena 1990.

Kuhusu Grammy, niseme jambo moja maana mabishano ya vijiweni huwa yanalipindisha. Utasikia mtu anasema, "Ziggy ana Grammy nane, Bob hana hata moja, basi mtoto kampita baba." Kipengele cha reggae kwenye Grammy kilianza kutolewa mwaka 1985, Bob akiwa na miaka minne kaburini. Mashindano yalianza mchezaji bora ameshaondoka. Wakaja kumpa Bob tuzo ya heshima ya maisha mwaka 2001. Kwa hiyo kulinganisha kwa tuzo ni kumwonea mzee. Lakini pia ni kumwonea mtoto, kwa sababu mtu akishasema hivyo haendelei kusikiliza.

Nirudi kibandani. Mzee wangu hakumpenda Ziggy. Alimtumia kujazia kanda, lakini hakumpenda. "Sauti ileile, nywele zilezile," alikuwa anasema, "ila huyu hajalala na njaa." Na kwa kweli hilo ndilo shtaka kubwa la watu wa reggae kila mahali dhidi ya Ziggy. Lucky Dube wa Afrika Kusini, ambaye kanda zake zilimkaribia Bob kwa kuuzika pale stendi, aliimba akiwa ndani ya ubaguzi wa rangi. Justin Kalikawe wa Bukoba aliimba kwa Kiswahili maisha tunayoyaona. Jah Kimbute na Roots and Culture waliibeba reggae Dar es Salaam wakati wengine wanaiona uhuni. Wote hao walikuwa na kitu kinachowasukuma. Ziggy alikuwa anasukumwa na nini? Jina?

Niliamini hivyo mpaka nilipokuwa mtu mzima. Kilichonibadilisha ni kuangalia alifanya nini alipokuwa huru kufanya alichotaka. Melody Makers walitoa albamu yao ya mwisho ya studio, *Spirit of Music*, mwaka 1999. Mwaka 2003 akatoka peke yake na *Dragonfly*. Mwaka 2006 akaiita albamu yake *Love Is My Religion*. Kwa mtoto wa Rasta maarufu kuliko wote kusema dini yake ni upendo, hapo kuna uamuzi umefanyika, hata kama umefanyika kwa upole. Na mwaka 2009 akatoa *Family Time*, albamu ya watoto. Ya watoto kabisa. Kabla ya hapo, mwaka 1996, ndiye aliyeimba na Melody Makers wimbo wa kufungulia *Arthur*, katuni ya watoto ya televisheni ya Marekani, na mwaka 2004 alitia sauti ya samaki jeli kwenye filamu ya *Shark Tale*.

Wapenzi wa reggae ngumu walimcheka. Mtoto wa aliyeimba mapinduzi anaimbia katuni! Lakini hebu rudi nyuma mpaka 1979. Mara ya kwanza kabisa Ziggy kuingia studio, baba yake alimpa wimbo gani? Wimbo wa watoto wasio na pa kuchezea. Ya baba yaliyokuwa makubwa, Zimbabwe na mengineyo, hayakuwa yamewahi kuwa ya mtoto. Hili lilikuwa lake. Kati ya mirathi yote iliyogombaniwa na mawakili kwa miaka kumi, aliokota kipande ambacho hakuna aliyekitaka, na hicho ndicho alichokabidhiwa mkononi na baba mwenyewe.

Ndugu zake nao kila mmoja alitafuta kipande chake. Stephen alijificha nyuma ya mitambo na kuwa mtayarishaji wa familia, ndiye aliyewasukuma wadogo zake mbele. Julian alikulia Uingereza. Ky-Mani, mtoto wa bingwa wa mpira wa meza, alikulia Miami, mbali na utajiri wa Hope Road, na muziki wake una vumbi la mitaani. Cedella akashika ofisi na biashara. Damian, kitinda mimba, mtoto wa Cindy Breakspeare aliyekuwa Miss World 1976, alikuwa na miaka miwili baba alipofariki. Hamkumbuki. Lakini *Welcome to Jamrock* ya 2005 ndiyo iliyoirudisha familia hiyo kwenye mitaa ya Kingston iliyokuwa imewahama, na *Distant Relatives* ya 2010, aliyoifanya na Nas, imejaa Afrika: vionjo vya Mulatu Astatke wa Ethiopia, Amadou na Mariam wa Mali, sauti ya K'naan wa Somalia. Wengi husema Damian ndiye mrithi wa kweli. Mimi nasema Damian alikuwa na bahati moja: dunia ilikuwa imeshamaliza kumlinganisha kaka yake na baba. Mtoto wa kwanza ndiye anayefyeka njia, na mwenye kufyeka ndiye anayechomwa na miiba.

Februari 2005, familia yote ilikwenda Addis Ababa kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa kwa Bob, na uwanja wa Meskel ukafurika watu wasiohesabika. Wakati huo Rita alikuwa amezungumzia kuhamishia mwili wa Bob Ethiopia, Jamaica ikachachamaa. Marehemu alikuwa na miaka 24 kaburini na bado kulikuwa na mvutano wa nani mwenye mwili. Mwaka 2024 ikatoka filamu ya *Bob Marley: One Love*, Ziggy akiwa mmoja wa watayarishaji, na sinema za dunia zikaingiza zaidi ya dola milioni 170. Wakosoaji walisema filamu ni ya upole mno, kwamba familia imempaka baba yao mafuta. Inawezekana. Lakini nilipoitazama nilijiuliza: ni mtoto gani anayeweza kusimulia ukweli wote wa baba yake mbele za watu? Mimi ningeweza?

Sasa niseme langu, maana nimekuwa nikilizunguka.

Baba yangu alifariki bila wosia. Hakuwa Rasta, alikuwa Mbena tu asiyependa kuzungumzia kifo. Ukoo ukakaa kikao, ukaandika muhtasari, ukamteua kaka yangu mkubwa awe msimamizi, tukaupeleka mahakama ya mwanzo. Kulikuwa na kiwanja cha kibanda, na nje kidogo ya Njombe kulikuwa na shamba la miti ya mbao. Sitaeleza yaliyotokea kati yetu. Inatosha kusema kuna ndugu wawili ambao hawakusalimiana kwa miaka mitatu. Kwenye orodha ya mali kulikuwa na mstari ulioandikwa "boksi la kanda, bei hakuna". Hakuna aliyeligombania, nikalichukua.

Nilipolifungua ndipo nilipoelewa jambo ambalo nilipaswa kulijua zamani. Kwenye boksi kulikuwa na daftari la mzee la wateja. Jina, muziki, hela. Jina, muziki, hela. Bob, Bob, Lucky Dube, Bob. Na pembeni, kwa kalamu nyekundu, matumizi: unga, dawa, na kila Januari, ada. Ada yangu mimi. Nimesoma hadi chuo kikuu kwa nyimbo za mtu ambaye hakulipwa hata senti moja kutoka Makambako. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ni ya mwaka 1999. Kabla ya hapo na hata miaka mingi baada yake, hakuna aliyemwona mrekodi kanda kuwa mwizi. Alikuwa fundi. Wanamuziki wetu wenyewe walirekodi nyimbo zao Redio Tanzania, na kanda zikabaki kuwa za redio. Marijani Rajabu alifariki 1995 katika hali ya dhiki huku nyimbo zake zikipigwa kila harusi. Akina Marley walikuwa na mawakili wa kuwapigania miaka kumi. Watoto wa wanamuziki wetu walikuwa na nani?

Kwa hiyo ninapouliza nani mrithi wa Bob Marley, nisijifanye niko nje ya kesi. Nami nimekula. Sehemu yangu ilikuja kwa njia ya kibanda, kwa mkono wa mzee aliyedhani anauza upepo tu. Na mtu aliyebeba lawama ya kurithi, aliyeambiwa tangu ana miaka 12 kwamba anaishi kwa jina la baba, ndiye pekee kati yetu aliyekabidhiwa kazi yake na mwenyewe.

Yupo wa kizazi cha tatu sasa. Skip, mtoto wa Cedella, anaimba. YG, mtoto wa Rohan na Lauryn Hill, alitamba mwaka 2024 kwa wimbo uliojengwa juu ya wimbo wa babu yake. Jo Mersa, mtoto wa Stephen, alifariki Desemba 2022 akiwa na miaka 31 tu, mdogo kuliko babu alivyokuwa. Maji yanafuata mkondo, na mkondo huo una mawe.

Mwezi uliopita nilikuwa Makambako. Kibanda siku hizi ni cha miamala ya simu. Upepo ni uleule, unakupiga kuanzia magoti. Nilikuwa na redio kaseti ndogo niliyoitengenezesha, nikamfuata kaka yangu kwake. Tunasalimiana sasa. Nikaweka kanda moja ya mzee, yenye mwandiko wake, Upande A umeandikwa *Survival*. Tukaisikiliza yote bila kuongea sana. Ilipofika mwisho, kitufe kikaruka, nikanyoosha mkono nizime.

"Geuza," kaka akasema. "Sijawahi kusikiliza huo upande."